Picha Mlizopiga Kililana, Zirudisheni

Tuanze na jina, maana hata hilo mlilikosea. Mahali mlipotembea na kamera zenu Jumamosi ile si kisiwani, wala si "mitaa ya Lamu ya kale" kama mlivyoandika chini ya picha. Panaitwa Kililana. Ni bara. Ukitoka Amu unavuka kwa boti hadi Mokowe, unapanda bodaboda, unashika barabara ya bandarini, umefika. Kuna mashamba, miembe, mikorosho, minazi, wavuvi, watoto wengi, na siku hizi kuna bandari nzima ya kimataifa pembeni.

Kwa wale ambao hawakuwepo: lilikuja kundi la vijana 18, wengi kutoka Nairobi na Mombasa, wachache wa Amu, kwa kile wanachokiita fotowoki. Yaani mnakubaliana siku na saa, mnakutana na kamera na simu zenu, mnatembea mtaa mzima mkipiga picha, halafu kila mtu anaposti zake kwa hashtegi moja. Nilitembea nao. Na mimi hupiga picha na video za huku, nikataka kuona macho ya wengine yanaona nini pale ninapopita kila siku.

Sipingi fotowoki. Mambo haya yako dunia nzima. Tangu 2008 kuna mpiga picha Mmarekani, Scott Kelby, anayeandaa siku moja kila mwaka ambapo watu wa miji mingi duniani hutembea na kamera kwa pamoja. Kijana kuamka mapema, kushika kamera na kuangalia mtaa wa kawaida kwa makini ni jambo zuri. Afadhali hivyo kuliko kushinda kitandani ukiangalia maisha ya wengine.

Hoja yangu ni moja tu, na nitaisema mara moja ili msije kwenye komenti mkanizungusha: picha ya mtu iliyopigwa mtaani kwake lazima irudi mtaani kwake. Ikiondoka na isirudi, mmekuja kuvuna shamba ambalo hamkulilima.

Sasa twende pole pole.

Mlimpiga mzee akitengeneza nyavu. Mlimpiga mama akigeuza mahamri, mafuta yanamrukia, nyinyi mnamwambia asiangalie kamera. Mliwapiga watoto wakitoka chuoni na juzuu zao kifuani. Mlipiga punda, mlipiga embe lililopasuka chini ya mti, mlipiga ukuta uliobaki bila paa. Katika kundi lote hilo, wawili ndio niliowasikia wakiomba ruhusa. Wawili kati ya 18.

Mzee wa nyavu hakukataa. Aliuliza swali moja: "Wanangu, hizi picha zaenda wapi?" Mmoja wenu akamjibu kwa heshima kabisa, "Zitakuwa mtandaoni, mzee, utaziona." Mzee ana kabambe. Ile ya vitufe, yenye tochi. Ataziona wapi?

Wiki mbili baadaye picha zikatoka. Nyingine ni kali, siwezi kudanganya. Ile ya mikono ya mzee, jua la jioni limeshuka kwenye uzi, ningependa ningekuwa nimeipiga mimi. Lakini ile ya ukuta imeandikwa "Kijiji kilichosahaulika". Kimesahauliwa na nani? Mwenye ukuta ule yuko hai, anaishi Mokowe, na ukimuuliza atakwambia jiko lilikuwa upande gani na kisima kilikuwa wapi. Wale watoto nyuso zao ziko wazi kabisa. Na picha mojawapo ya watoto tayari imegeuzwa tangazo la mtu anayeuza mikoba ya kamera. Mama yake yule mtoto wa mbele aliiona kwa simu ya jirani. Hivyo ndivyo alivyojua mwanawe anauza mikoba.

Nilipouliza kwenye kundi la WhatsApp ni lini picha zitarudi Kililana, nikajibiwa, "Bro, ziko kwenye ukurasa, mtu yeyote anaweza kuona." Hapo ndipo nikaamua kuandika.

Labda unajiuliza: kwani picha ni nini mpaka tugombane? Kwa mtaa mwingine labda si kitu. Kwa Kililana ni kitu.

Machi 2012, marais walikuja hapa kuzindua ujenzi wa Bandari ya Lamu: Kibaki wa kwetu na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi. Mradi wa LAPSSET. Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa. Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo ramani ya Kililana ilipobadilika. Watu wakatoa mashamba. Waliolipwa walilipwa kwa kiwango cha shilingi milioni 1.5 kwa ekari, na mabishano ya nani alikuwa na nini, wapi, tangu lini, yakawa ndiyo mazungumzo ya kila baraza. Watu wengi wa Lamu wamelima vizazi na vizazi bila hatimiliki mkononi. Shahidi wao ni mwembe aliopanda babu, ni kisima, ni kaburi, ni jirani anayekumbuka.

Wavuvi nao hivyo hivyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ujenzi wa bandari uliwaharibia uvuvi. Fikiria kazi ya kueleza mahakamani jinsi bahari ilivyokuwa kabla. Utaeleza vipi maji yaliyokuwa masafi? Utaonyesha vipi mkoko ambao haupo tena?

Sisemi picha ingemaliza kesi yoyote. Karatasi ndiyo huangaliwa kwanza, hilo tunalijua na tumelilipia. Ninachosema ni kwamba miaka yote hiyo watu wenye kamera hawakukosekana Kililana. Waandishi wa habari walikuja, watafiti, mashirika, wanafunzi, wageni wa wageni. Kililana imepigwa picha nyingi kuliko mitaa mingi ya nchi hii. Lakini nenda leo nyumba kwa nyumba, uliza nani ana picha ya shamba lake la zamani, ya mti wake, ya pwani alipokuwa akiegesha mtumbwi kabla ya bandari. Utaletewa kitambulisho, picha ya harusi iliyopauka, basi. Picha za Kililana zipo. Ziko kwenye kompyuta za watu wasioweza kukuonyesha Kililana kwenye ramani.

Ndiyo maana mliposema "ziko mtandaoni" mimi nilisikia wimbo ule ule wa zamani, sauti mpya tu.

Na si wa miaka kumi tu. Rudi nyuma zaidi, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Studio kama ile ya A. C. Gomes kule Unguja zilipiga watu wa pwani na kuuza postikadi. Kadi zikasafiri hadi Ulaya. Chini ya picha waliandika maneno kama "mwanamke wa Kiswahili", jina lake halimo, mtaa wake haumo. Hebu zilinganisheni na hashtegi zenu. Mwanamke wa mahamri mmemwita "uzuri wa pwani". Ana jina. Mngemuuliza angewaambia, na pengine angewapa na hamri.

Lakini pwani hii hii ina historia nyingine ya kamera, na hiyo ndiyo naipenda. Amu kulikuwa na Omar Said Bakor, mtu aliyejifundisha mwenyewe kupiga picha, akafungua Studio ya Bakor miaka ya 1960. Alikuwa akikata na kuunganisha picha kwa mkono, akitengeneza vitu ambavyo leo ungehitaji programu kuvifanya. Mombasa nako, kando ya feri ya Likoni, wapiga picha walikuwa na vibanda vyao na mapazia yaliyochorwa rangi, msafiri anasimama mbele ya meli au ndege ya kuchorwa, anapigwa. Wote hao walikuwa na kanuni moja ambayo hawakuhitaji kuiandika: aliyepigwa ndiye anayeondoka na picha. Anailipia, anaiweka sebuleni, anaituma kwa ndugu yake Arabuni au bara. Mpiga picha anabaki na negativu na sifa. Mwenye uso anabaki na uso wake.

Sisi tuna simu zenye kamera tatu nyuma, na kanuni hiyo tumeipoteza. Aliyepigwa leo ndiye mtu pekee asiyekuwa na picha yake.

Tena watu wa pwani hawajakosa adabu ya kamera hata siku moja. Nenda harusi upande wa wanawake uone: simu zinakusanywa mlangoni, au unaambiwa wazi, hapa picha hakuna. Hakuna anayelia ati sanaa imenyimwa uhuru. Kila mtu anaelewa kwamba mle ndani watu wamevua mabuibui, wamejipamba, na wana haki ya kuamua nani awaone. Kama mnaiheshimu adabu hiyo penye ukumbi na walinzi mlangoni, iheshimuni pia penye ua wa makuti usiokuwa na mlinzi.

Sasa nijibu mapema, maana nawajua.

Mtasema: "Barabara ni ya umma." Sawa, barabara ni ya umma, uso si wa umma. Katiba ya 2010 inatambua haki ya faragha, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya shilingi milioni 1.85 Casa Vera Lounge ya Nairobi kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Wakati huo huo Shule ya Roma ya Uthiru ikapigwa faini ya milioni 4.55 kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sheria hiyo inaacha nafasi kwa uandishi wa habari na sanaa, najua, msinikimbizie kwenye komenti. Lakini mtoto ni mtoto, ridhaa ni ya mzazi. Na ukishaitumia picha ya mtu kibiashara, kifungu cha 37 kinataka ridhaa yake. Mkoba wa kamera si sanaa.

Mtasema: "Tunawatangaza." Tunashukuru, lakini kutangazwa hakuchemki sufuriani. Mji wa kale wa Amu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, una hoteli, una boti za watalii, ukitangazwa kuna mtu atakodisha chumba. Kililana haina chumba cha kukodisha mgeni wa Instagram. Mzee wa nyavu hatauza samaki zaidi kwa sababu mikono yake imepata laiki 4,000.

Mtasema: "Ukiomba ruhusa picha inaharibika, mtu anakaza uso." Hiyo ni kweli kwa dakika kumi za kwanza. Kaa nusu saa. Kunywa chai. Uliza nyavu zinatengenezwaje. Mtu akikuzoea atarudi kwenye kazi yake na kamera yako ataisahau, na hapo utapata picha ambayo wenzako 17 waliokimbia kwenda kutafuta punda hawataipata. Hii si nadharia yangu. Mwaka 1997 kule Mathare, mpiga picha Lana Wong na chama cha michezo cha vijana cha MYSA waliwapa vijana wa mtaa kamera za bei rahisi wapige maisha yao wenyewe. Mradi ukaitwa Shootback, na 1999 kitabu kikatoka. Kamera za plastiki! Lakini picha zile zina kitu ambacho lenzi ya laki mbili haikupi, kwa sababu waliozipiga walikuwa wakilala pale pale.

Na wapo watakaosema: "Wewe unachukia wageni tu." Wapo wa Amu katika kundi lile, nimewataja mwanzoni. Wao ndio walionikera zaidi. Mgeni wa Nairobi anaweza kusema hakujua. Wewe uliyezaliwa ng'ambo ya maji, bibi yako ana shamba bara, hujui kwamba unapita kwa watu hupiti bila hodi?

Kuna jambo jingine ambalo linawahusu wenyeji zaidi ya wageni. Lamu hii si mahali pa kuingia na droni na kamera ndefu bila kusema wewe ni nani. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 watu wamezoea kuuliza, na vyombo vya usalama vimezoea kuuliza zaidi. Bandari iko pale. Droni yenyewe ina sheria zake za mamlaka ya usafiri wa anga. Nyinyi mnapiga, saa kumi na moja mnashika boti. Maswali ya "wale walikuwa nani na walikuwa wakipiga nini" yanabaki kwa mwenye nyumba aliyewakaribisha maji.

Basi mfanye nini? Sitaki mwache. Nataka mrudi, lakini mrudi hivi.

Kwanza, kabla ya kuja, mtafute mwenyeji, mzungumze na wazee na mwulize ni wapi pa kupiga na wapi si pa kupiga. Simu moja inatosha.

Pili, njooni wachache. Watu 18 wenye kamera kwenye kichochoro kimoja wanamfanya mtu ajihisi yuko kwenye hifadhi ya wanyama. Wanne wanne, tena kwa nyakati tofauti.

Tatu, ombeni. Ikiwa ni mtoto, ombeni mzazi. Akikataa, asante, endelea na safari yako. Msianze kubembeleza wala kutoa shilingi hamsini.

Nne, andikeni majina sahihi. Jina la mtu akikubali, jina la mahali hata kama hajakubali mtu. Kililana. Herufi nane tu.

Tano, na hili ndilo kubwa: rudisheni. Kila aliyepigwa apate picha yake ya karatasi ndani ya mwezi mmoja. Kuchapisha picha ndogo ni bei ya soda, na nyinyi mlikunywa soda nyingi siku ile. Tena mtaa wenyewe upate faili zote, zile halisi. Nasema halisi kwa sababu faili iliyotoka kwenye kamera au simu hubeba tarehe na saa ndani yake, na mara nyingi hata mahali kama lokesheni ilikuwa imewashwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na taarifa hizo zinafutika. Ukiituma kama dokumenti zinabaki. Kwa picha ya machweo haina maana. Kwa picha ya mwembe ulio kwenye shamba ambalo kesho litapimwa na mtu mwenye ramani, tarehe ndiyo mali yenyewe.

Na vijana wa Kililana, Mokowe, Hindi, msinisome huku mkipiga makofi tu. Simu mnazo. Anza na nyumba yenu. Piga shamba la mama, piga mipaka, piga kisima, piga mkoko unaoonekana leo. Usiweke filta. Muulize babu ule mti ulipandwa lini, na umrekodi akijibu. Weka nakala mbili, moja kwa simu, moja kwa mtu unayemwamini: mwalimu, BMU ya wavuvi, yeyote asiyepoteza vitu. Inachosha na haitapata laiki. Fanya tu.

Sasa nyinyi 18. Nyote mna namba yangu, tuko kundi moja. Nitumieni picha za Jumamosi ile, zote, hata zile mlizoona mbaya, kama dokumenti. Ile ya mikoba iondoeni kwanza, na mwenye kuiuza mwambieni akazungumze na mzazi wa yule mtoto. Kuchapisha nitachapisha mimi hapa Mokowe na risiti nitaiweka kwenye kundi tugawane. Kuzipeleka Kililana, bodaboda ni juu yangu. Ya mikono nitaanza nayo, maana mzee ameshaniuliza mara mbili.